Kuandaa na kutunza sampuli za furu: kutoka mwaloni hadi rafu ya makumbusho

Furu wa Ziwa Victoria, samaki wa jamii moja na sato, wanakadiriwa kuwa zaidi ya spishi 500, na wengi wao hawazidi urefu wa kiganja cha mkono. Spishi mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya dume, safu za meno au unene wa taya la kooni, yaani taya la pili lililo ndani ya koo. Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 alipozaliana kwa wingi miaka ya 1980, furu wengi walitoweka kabla hawajapewa jina la kisayansi, na leo baadhi yao wanajulikana kwa waliomo kwenye chupa tu. Mkusanyo mkubwa uko Naturalis, mjini Leiden, Uholanzi, matunda ya kazi ya watafiti wa HEST, kikosi cha utafiti wa ikolojia ya furu, walioanza kuwachunguza furu wa Mwanza mwaka 1977. Mikusanyo mingine ya samaki wa Afrika ipo London, Tervuren nchini Ubelgiji, na kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi.

Mwongozo huu ni wa mafundi wa maabara, wanafunzi wa uvuvi na maofisa utafiti wanaotaka samaki wanayemhifadhi leo aweze kuchunguzwa miaka 100 ijayo. Furu ametumika kama mfano kwa sababu kwake kosa dogo huonekana haraka. Hatua ni zilezile kwa ningu, gogogo au dagaa. Kinachobadilika ni muda, kulingana na ukubwa wa samaki.

Kibali na vifaa

Anza na kibali cha utafiti: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda. Nyavu zenye macho madogo yanayomnasa furu ni haramu kwa mvuvi wa kawaida, kwa hiyo hakikisha kibali chako kinataja zana utakazotumia. La sivyo doria wana haki ya kuzichukua. Namba ya kibali iandikwe kwenye daftari na kwenye kumbukumbu za kila sampuli, maana makumbusho makini hayapokei samaki asiye na karatasi.

Vifaa vya kwenda navyo mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki:

- formalini ya dukani, boraksi na karatasi za kupimia pH
- ethanoli safi (ndiyo spiriti ya mwongozo huu) ya 96% au zaidi, isiyotiwa rangi wala sumu ya kuzuia kunywewa
- mafuta ya karafuu
- trei pana zenye kina kifupi, na ndoo zenye mifuniko inayobana
- mabomba ya sindano ya mililita 1, 5 na 20
- kipande cha povu gumu, pini nyembamba zisizopata kutu, brashi ndogo ya kuchorea
- visu vidogo vya maabara, koleo, taa ya spiriti
- vichupa vya mililita 2 vyenye mfuniko wa kuzungusha
- karatasi isiyoharibika kwa maji, penseli, uzi wa pamba
- kamera, rula yenye milimita, kadi ya rangi, sanduku jembamba la kioo
- glavu za nitraili, miwani ya kinga, na lita kadhaa za maji safi ya kuoshea macho

Formalini husababisha saratani kwa binadamu, hilo limethibitishwa. Ifanyie kazi nje au penye upepo, upepo ukitokea mgongoni mwako. Usiitie kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata kwa safari fupi. Mwaloni kuna watoto, na chupa ya maji iliyofungwa vizuri huokotwa na kunywewa.

Kuchanganya formalini

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Formalini ya dukani ni maji yenye formaldehaidi kati ya 37% na 40%. Kwa lugha ya makumbusho, maji hayo kama yalivyo ndiyo huhesabiwa kuwa formalini kamili. Tunaposema "formalini ya 10%" tunamaanisha sehemu 1 ya maji hayo na sehemu 9 za maji ya kawaida: mililita 100 kwa 900. Formaldehaidi yenyewe ndani ya mchanganyiko huo haizidi 4%. Anayepiga hesabu kuanzia ile 37% ili apate formaldehaidi ya 10% atatia karibu mililita 270 kwa kila lita, na samaki wake watakauka kama vijiti: mapezi yatavunjika yakiguswa na taya halitafunguka kamwe.

Kosa la pili ni kuiacha formalini ikiwa chachu. Formaldehaidi ikikaa hugeuka taratibu kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hula chokaa ya mifupa. Kwanza huharibika vijiwe vya sikio vinavyotumika kukadiria umri, kisha miiba ya mapezi, kisha meno. Kwa furu, ambaye hutambulika kwa meno, hasara hiyo haina tiba. Tia boraksi gramu 3 hadi 4 kwa kila lita ya formalini ya 10%, koroga, pima pH. Lenga 7 au juu yake kidogo. Usizidishe ukidhani unaongeza ulinzi, kwa sababu boraksi nyingi hulainisha nyama na kuifanya ing'ae mithili ya jeli. Kama samaki atakaa muda mrefu ndani yake, ni heri kutumia chumvi za fosfeti: gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti kwa lita moja. Zinashikilia pH kwa uthabiti kuliko boraksi.

Beba ya kutosha. Ujazo wa formalini uwe angalau mara 3 ya ujazo wa samaki, na mara 10 ni bora zaidi. Lita 2 za formalini ya dukani hutoa lita 20 za kufanyia kazi, zinazotosha furu 100 wa kawaida bila kubanana. Uhaba wa dawa umewahi kuigharimu sayansi sana. Desemba 1938, samaki wa jamii iliyodhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria alinaswa Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London hakuweza kupata formalini ya kumtosha. Viungo vya ndani vilioza vikatupwa, ngozi ikajazwa, na ikabidi kungoja hadi 1952, alipopatikana wa pili visiwani Komoro, ndipo matumbo yake yaangaliwe. Samaki huyo, silakanti, hunaswa pia Tanga, kwa hiyo ndoo ya akiba si anasa kwa mtu wa pwani.

Saa ya kwanza

Rangi hupotea kabla ya kitu kingine chochote. Dume la furu hufifia dakika chache baada ya kufa, au hata likiwa hai likipata hofu. Baadaye nyekundu na njano huyeyukia kwenye spiriti, buluu hupauka, na kinachobaki ni weusi tu: mistari, mabaka, ufito wa jichoni. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu, na usiupindue.

Kwanza, mtoe samaki kwenye wavu akiwa hai na umweke kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Aliyevutwa kutoka kwenye kina huja tumbo limevimba kwa sababu kibofu cha hewa kimetanuka, na wakati mwingine utumbo wa juu hutokeza mdomoni. Usiurudishe kwa kidole. Utachana taya la kooni. Hewa utaitoa baadaye kwa sindano, akishakufa.

Pili, mpige picha ndani ya sanduku jembamba la kioo lenye maji safi. Sukuma kioo cha ndani taratibu hadi asimame upande wake wa kushoto ukitazama kamera. Picha moja ya samaki aliye hai ina thamani kuliko kumi za trei.

Tatu, angalia mdomo. Jike la furu hulea mayai na vifaranga mdomoni, na akishtuka huvitema ndani ya ndoo. Ukiwachanganya majike watano kwenye ndoo moja, hutajua tena mayai ni ya nani. Jike mwenye koo lililovimba atengwe peke yake, na mayai yake yahifadhiwe kwenye kichupa chenye namba ileile ya mama.

Nne, mlaze kwa mafuta ya karafuu. Mafuta hayachanganyiki na maji moja kwa moja, hivyo changanya sehemu 1 ya mafuta na sehemu 9 za ethanoli, tikisa, kisha tia mililita 5 za mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji. Samaki hulegea, hupinduka, na hatimaye vifuniko vya matamvua huacha kucheza. Hesabu dakika 10 zaidi tangu viache kucheza ndipo umtoe. Kumtumbukiza samaki hai kwenye formalini ni ukatili, tena kunaharibu sampuli: hujipinda, hufumbua mdomo kupita kiasi na hutapika alichokula.

Tano, mpe namba. Namba ya shambani huandikwa kwa penseli kwenye karatasi ndogo isiyoharibika kwa maji, ikafungwa kwa uzi unaopita mdomoni na kutokea kwenye matamvua ya kulia. Kuanzia hapa, kila kitu kinachotoka kwa samaki huyu, iwe picha, nyama au mayai, kinabeba namba hiyo na si nyingine.

Sita, pima urefu na uzito kabla dawa haijamgusa, kwa kuwa formalini na spiriti humsinyaza. Kipimo cha msingi ni urefu sanifu: kutoka ncha ya mdomo hadi mwanzo wa pezi la mkia, kwenye kikunjo kinachoonekana ukikunja mkia kidogo. Urefu wote, pamoja na mkia, uandike pia lakini usiutegemee, maana mikia hukatika.

Saba, chukua nyama ya vinasaba. Hii ni lazima itangulie formalini, kwa sababu formalini hufunga na kukatakata DNA. Kata upande wa kulia, nyuma ya pezi la kifua, kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya haragwe, au kata pezi la kulia la kifua likiwa zima. Kitie kwenye kichupa cha ethanoli ya 96% au zaidi, nyama isizidi sehemu moja ya tano ya ujazo, na ubadilishe ethanoli baada ya saa 24, kwani maji ya nyama huizimua. Kati ya samaki na samaki futa kisu, kichovye kwenye spiriti, kipitishe kwenye moto. Makumbusho duniani kote yana mazoea haya: upande wa kulia hukatwa, wa kushoto huachwa mzima kwa kupimwa na kupigwa picha. Atakayekuja kumchunguza samaki wako hatakuwa na subira na aliyekata kushoto.

Nane, tandaza mapezi. Mlaze samaki kwa ubavu wa kulia juu ya povu gumu, fungua pezi la mgongo, la tumbo, la nyuma ya tumbo na la mkia, na uyashikilie kwa pini zilizochomekwa nyuma ya mwiba wa kwanza wa kila pezi. Paka formalini isiyozimuliwa kwa brashi juu ya mapezi pekee. Ngoja dakika chache. Yakishakakamaa, chomoa pini. Hapo mapezi hubaki wazi, miiba na vijiti vyake vinahesabika, na madoa yanayofanana na mayai kwenye pezi la dume yanaonekana. Piga picha ya pili, kichwa kikielekea kushoto, pamoja na rula, kadi ya rangi na namba. Picha ya hatua hii isiyo na namba ndani ya fremu ifutwe papo hapo, vinginevyo itakuja kuhusishwa na samaki asiye wake.

Kumzamisha

Formalini hupenya nyama kwa takriban milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha kasi hupungua. Wakati huo vimeng'enya vya tumbo vinaendelea kula kuta za utumbo na chakula kilichomo. Furu hugawanywa kwa walacho: wapo wanaovunja konokono, wanaokwangua mwani, wanaokula samaki wenzao, wanaonyonya mayai na vifaranga kutoka midomoni mwa majike. Tumbo lililooza hulinyima shirika la utafiti ushahidi huo. Kwa samaki anayezidi sentimita 8, choma sindano kwenye tundu la haja au ubavu wa kulia wa tumbo na sukuma formalini ya 10% hadi tumbo lijae bila kuvimba. Kwa anayezidi sentimita 20, choma pia nyama nene ya mgongo, upande wa kulia, sehemu tatu au nne. Samaki mkubwa zaidi, kama sangara au kamongo, apasuliwe tumbo kwa mstari mfupi upande wa kulia.

Mlaze kwenye trei, amenyooka, mdomo umefungwa, amefunikwa na formalini kabisa. Akae hivyo hadi kesho yake. Samaki aliyekakamaa akiwa amepinda atabaki amepinda kwa karne nzima, na hakuna dawa ya kumnyoosha. Ndiyo maana kumsukumia kwenye chupa nyembamba siku ya kwanza ni kosa kubwa. Akishakakamaa, mhamishie kwenye ndoo pamoja na wenzake, kila mmoja na namba yake.

Muda wa kukaa kwenye formalini: siku 3 hadi 5 kwa dagaa na furu wadogo, wiki moja kwa furu wa kawaida, siku 10 hadi 14 kwa sato wa kilo moja, na zaidi kwa wakubwa. Dalili kwamba kazi imekamilika ni nyama ngumu kote ukibonyeza, bila sehemu inayobonyea. Tumbo laini maana yake sindano haikufika.

Kama hamna budi kutumia samaki aliyegandishwa na mvuvi, myeyushe kwenye maji baridi, mtengeneze mapezi, kisha endelea. Nyama yake itakuwa na nyufa ndogo za barafu, lakini mifupa na meno vitafaa.

Kuosha na kuhamishia kwenye spiriti

Ondoa formalini kwa kumloweka samaki kwenye maji safi, ukibadilisha maji mara mbili au tatu kwa siku. Siku 2 zinatosha furu. Wakubwa wanahitaji hadi wiki. Acha harufu iwe kipimo chako cha mwisho: ikiwa bado inachoma pua, hajaoshwa.

Maji ya kwanza ya kuoshea yana formalini nyingi. Yasimwagwe ziwani wala kwenye mtaro. Yakusanye kwenye dumu lenye maandishi na uyakabidhi kwa maabara au hospitali yenye utaratibu wa taka za kemikali.

Kinachofuata ni spiriti, na hapa kuna kanuni rahisi ya kuizimua. Chukua mililita sawa na asilimia unayoitaka, ongeza maji hadi ifike mililita sawa na asilimia uliyo nayo. Kutoka 96% kwenda 70%: mililita 70 za spiriti, maji hadi 96. Kwa lita nzima, hiyo ni mililita 730 za spiriti, kisha maji hadi lita ijae. Kwa 50% ni mililita 520, na kwa 30% ni mililita 312. Tumia maji yaliyochujwa chumvi. Ya bomba huacha utando mweupe juu ya magamba.

Mpitishe samaki hatua kwa hatua: 30% siku moja, 50% siku moja au mbili, kisha 70%. Ukimtoa majini na kumtia 70% moja kwa moja, spiriti huvuta maji ghafla, macho hudidimia na ngozi hujikunja. Baada ya wiki mbili za 70%, badilisha spiriti yote mara moja. Maji yaliyokuwa mwilini mwa samaki yameizimua, na usipoibadilisha utakuwa umemhifadhi kwenye 60% huku lebo ikisema 70%.

Kwa nini 70%? Chini ya 50% kuvu na bakteria huanza kuishi humo. Juu ya 80% samaki hunyauka na kuwa dhaifu wa kuvunjika. Pombe kali za dukani huwa kati ya 35% na 40%, hivyo huchelewesha uozo kwa siku chache tu. Spiriti ya zambarau ya kuwashia taa nayo haifai: rangi yake huingia nyamani na viungo vyake vingine hugeuza maji kuwa kama maziwa ukiizimua.

Lebo na daftari

Samaki asiye na mahali wala tarehe hana kazi katika makumbusho, hata awe amehifadhiwa kwa ustadi namna gani. Anayemfungua chupa baada ya miaka 60 hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Lebo ya kudumu hukaa ndani ya chupa, maandishi yakitazama nje. Iwe ya karatasi ya pamba tupu, isiyo na asidi, iliyoandikwa kwa wino wa kaboni uliokauka vizuri kabla ya kuzamishwa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ndani ya saa chache. Maandishi ya printa ya leza huweza kubanduka herufi moja moja na kutua chini ya chupa kama mchanga mweusi, na ya printa ya wino huyeyuka yote. Penseli, kinyume chake, hudumu vizuri. Lebo ya kubandika nje ni msaada wa kutafutia tu. Gundi huachia, na mvuke wa spiriti huifanya iachie mapema.

Yafuatayo yasikosekane: namba ya mkusanyo, jina la spishi na aliyeitambua, nchi, mkoa, ziwa, jina la mwalo au mwamba, viwianishi, kina, aina ya chini (mwamba, mchanga, matope), zana na ukubwa wa macho ya wavu, tarehe, mkusanyaji, na dawa iliyotumika mwanzoni. Hiyo ya mwisho husahaulika mara nyingi, kumbe ndiyo inayomwambia mtaalamu wa vinasaba kama ajaribu au asipoteze muda.

Tarehe iandikwe mwezi kwa namba za Kirumi: 3-IV-2024. Ukiandika 3/4/2024, Mmarekani atasoma Machi 4.

Viwianishi viwe vya desimali nne, ambavyo humfikisha mtu ndani ya takriban mita 11, na kila mara uandike Kusini au Kaskazini kwa neno. Ikweta inakata Ziwa Victoria. Samaki wa Mwanza, nyuzi 2.5 Kusini na 32.9 Mashariki, akikosa neno "Kusini" anahamia nchi kavu kaskazini mwa Uganda, jirani na Lira. Makosa ya aina hii yamejaa kwenye hifadhidata za dunia na huchukua miaka kugunduliwa.

Majina ya mipaka pia hubadilika. Lebo ya kabla ya 2012 inaweza kusema mkoa wa Mwanza kwa mwalo ambao leo uko mkoa wa Geita. Lebo za zamani za Kenya husema Nyanza bila kaunti. Usirekebishe lebo ya zamani. Ongeza mpya kando yake, na zote zikae chupani, pamoja na ile karatasi chafu ya penseli ya siku ya kwanza. Ikitokea ubishi kuhusu namba, karatasi hiyo ndiyo shahidi.

Kwenye rejista, samaki wa spishi moja, waliovuliwa mahali pamoja na siku moja, huingizwa kama kundi moja lenye namba moja na idadi yao. Aliyetolewa nyama ya vinasaba hutengwa na kupewa namba yake. Samaki aliyeteuliwa kuwa holotaipu, yaani yule ambaye jina la spishi limeegemezwa kwake, anakaa kwenye chupa yake peke yake, yenye alama nyekundu, kwenye kabati tofauti linalofungwa.

Chupa na rafu

Chupa ya kioo yenye mfuniko wa polipropilini ndiyo inayotegemeka. Mfuniko wa bati hupata kutu kwa ndani na kuwapaka samaki kahawia; mpira wa chupa za kubana kwa waya hupasuka ukizeeka, na spiriti hutoroka bila kuonekana. Waweke samaki kichwa chini, mkia juu, ili pezi la mkia lisikunjike. Wasizidi nusu ya chupa. Spiriti iwafunike kwa sentimita kadhaa na juu ibaki nafasi ya hewa, kwa sababu hutanuka siku za joto.

Chumba kiwe na giza, maana mwanga huunguza rangi iliyobaki na kuifanya spiriti kuwa ya njano. Joto lisiyumbe. Mvuke wa ethanoli ya 70% huweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 17 hivi, na chumba cha kawaida cha Mwanza au Kisumu hakishuki hapo mwaka mzima. Maana yake kila chumba cha sampuli kwetu kinapaswa kuhesabiwa kuwa ghala la mafuta: feni ya kutolea hewa, swichi zisizotoa cheche, hakuna jiko, hakuna kuchaji simu, vizima moto vya poda au hewa ukaa karibu na mlango. Rafu ziwe na ukingo wa mbele wa sentimita 3 au 4. Tetemeko lililoipiga Bukoba Septemba 2016 linatosha kuonyesha kwamba kando ya ziwa hili tahadhari hiyo si ya bure.

Yanayoharibika na namna ya kuyatengeneza

Kagua kila chupa mara moja kwa mwaka.

Spiriti ikipungua, usidhani kilichobaki bado ni 70%. Ethanoli hutoroka haraka kuliko maji, kwa hiyo kilichobaki ni dhaifu. Pima kwa haidromita, kifaa cha kupimia nguvu ya spiriti, lakini soma joto pia: haidromita nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 20, na kwenye nyuzi 28 huonyesha karibu asilimia 3 zaidi ya ukweli. Ikiwa chini ya 65%, badilisha yote.

Spiriti ya njano ni mafuta ya samaki na rangi iliyoyeyuka. Haina madhara makubwa mradi kipimo kiko sawa, ila ikifikia rangi ya chai ibadilishe. Kabla ya kumwaga, ichuje kwa kitambaa cheupe. Chini ya chupa hukaa magamba, meno na wakati mwingine vipande vya lebo.

Unga mweupe juu ya miiba au mapezi yanayolegea kama kitambaa ni dalili ya mifupa iliyoliwa na asidi. Pima pH. Chokaa iliyopotea hairudi, lakini spiriti mpya huzuia hasara isiendelee.

Samaki aliyekauka kabisa hajapotea. Usimtie spiriti. Mloweke kwenye mchanganyiko wa trisodiamu fosfeti wa 0.5% katika maji, mahali penye uvuguvugu, ukimwangalia kila siku. Akishalainika na macho kujaa kiasi, mwoshe kwa maji, kisha 30%, 50%, 70% kama mwanzo. Andika kwenye lebo kwamba alikauka, ili mtu asitumie vipimo vyake vya mwili kwa kumlinganisha na wengine.

Kumsafirisha

Wataalamu wengi wa furu wako mbali na ziwa, hivyo sampuli zitaazimwa. Usitume chupa zilizojaa. Mfunge kila samaki kwenye shashi iliyolowana spiriti, pamoja na lebo yake, kichwa na mkia vikiwa vimefunikwa. Mtie kwenye mfuko mzito wa plastiki, toa hewa, ufunge kwa joto. Kisha mfuko wa pili, kisha wa tatu wenye kitu cha kunyonya majimaji katikati. Kanuni za usafiri wa anga zina kifungu A180 kwa sampuli za namna hii: spiriti huru isizidi mililita 30 kwa kila mfuko wa ndani na lita 1 kwa boksi zima, na boksi liandikwe kulingana na kifungu hicho. Ndani weka orodha ya namba, idadi ya samaki kwa kila namba, nakala ya kibali na tarehe ya kurejeshwa. Nakala ya pili ya orodha ibaki kwenye rafu, mahali palepale chupa ilipotoka.